Wodi ya Sebuleni

Mratibu wa huduma za jamii alivua viatu mlangoni kabla ya kuambiwa, na hapo hapo Bosi, mama wa nyumba ile, akaanza kumshuku. Mgeni alikuwa amebeba futi ya chuma na mkoba wenye nembo ya Afya ya Wilaya. Aliingia sebuleni akiitazama dari kama mtu anayetaka kununua nyumba.

Fundi alikuwa amelala kwenye kitanda walichokihamishia karibu na dirisha, mguu wa kulia umeinuliwa juu ya mito. Alikuwa fundi wa makochi. Springi ya kochi la mteja ilifyatuka ikamchana chini ya goti, kidonda kidogo tu, kitu cha kupaka dawa na kurudi kazini. Lakini Fundi ana sukari, na kwa mwenye sukari hakuna kidonda kidogo. Hospitali ya wilaya ilimlaza, ikamsafisha, halafu ikaishiwa nafasi. Wagonjwa walikuwa wawili wawili kitandani, na mwenzake alikuwa mtu wa kurusha mateke usingizini. Basi wakamwingiza kwenye mpango mpya ulioitwa hospitali nyumbani: mgonjwa alale kwake, nesi amfuate. Daktari aliyemruhusu alimwambia mkewe bila kuzunguka: kidonda kisafishwe kila siku na mtu anayejua, la sivyo mguu utakatwa. Na mguu wa kulia wa Fundi ndio mguu wa cherehani.

Mkewe aliitwa Bosi na mtaa mzima. Jina alilipata karakanani, pale pale nyumbani, kwa kuwa ndiye aliyepokea wateja, ndiye aliyekata vitambaa, na ndiye aliyemkumbusha Fundi kwamba kazi ya watu haifai kubembelezwa mwezi mzima. Fundi alimwita hivyo hata walipokuwa wawili tu.

"Chumba kina hewa," alisema mratibu, akitandaza futi ukutani. "Mwanga upo. Choo kiko mbali?"

"Kiko nyuma. Nesi anaanza lini?"

"Tutafika huko, mama. Kwanza mahali patambuliwe. Nesi wetu haendi nyumbani kwa mtu. Anakwenda wodini."

"Si mmetutoa wodini juzi?"

"Ndiyo maana tunapafanya hapa pawe wodi."

Bosi alimgeukia mumewe ili washangae pamoja, lakini Fundi hakuwa naye. Alikuwa ameyaona macho ya mratibu yakitua kwenye kochi la ukutani, lile la kijani, na uso ulikuwa umemchangamka kama wa mzazi anayesifiwa mtoto.

"Hilo usilione hivyo," alisema Fundi. "Vuta huo mkanda wa chini."

"Fundi," alisema Bosi.

"Vuta tu, usiogope. Haliumi."

Mratibu alivuta. Kochi lilijinyoosha bila kelele, mgongo ukashuka, miguu ikatoka, pakawa na kitanda kizima. Fundi alikuwa amelitengeneza kwa muda wake mwenyewe, kwa mbao alizozichagua mwenyewe, na alikuwa amekataa kuliuza kwa kila mteja aliyeliulizia. Bosi hakuwahi hata kulala juu yake. Kwake lilikuwa mali iliyokataa kugeuka pesa.

"Linalaza mtu mzima bila kukunja miguu," alisema Fundi. "Hata wawili, kama wanaelewana."

Mratibu alijilaza, akafumba macho, akapumua. Alipoinuka aliandika kitu, akakipigia mstari. Sebule ya Fundi ilikuwa imepata vitanda vitatu.

"Sifa zitakuja kukuua," Bosi alimwambia mumewe mgeni alipoondoka. Kichwa kilikuwa kimeanza kumgonga upande mmoja. Alidhani ni hasira.

*

Bango lilifika mapema kuliko nesi. Lilikuwa jeupe, maandishi ya buluu: WODI YA JAMII, VITANDA 3. Chini yake, MUDA WA KUONA WAGONJWA: SAA KUMI HADI SAA KUMI NA MOJA JIONI. Mtu aliyelipigilia mlangoni alitumia misumari mirefu mno, ncha zikatokea ndani, na Bosi akazifunika kwa kitambaa ili zisimchane mtu.

Tangu siku hiyo mtaa ulishika adabu. Jirani wa kushoto, ambaye kwa miaka yote alikuwa akiingia bila hodi, sasa alisimama nje na kuuliza kama saa kumi imeshatimia. Mteja mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake cha viti, akisema hawezi kupeleka vitu vya nyumbani kwake hospitalini. Kila kitu cha wodi kilikuwepo isipokuwa matibabu. Bosi alisafisha kidonda mwenyewe kwa maji ya chumvi, akijikaza asigeuze uso, na kila asubuhi harufu ilikuwa mbaya kuliko ya jana.

Akaenda ofisini. Ofisi za Afya ya Wilaya ziko juu ya ghorofa, na wagonjwa wanaokwenda kulalamika hupandishwa ngazi. Bosi alipofika juu ilimbidi ashike ukuta, maana macho yalikuwa yakimwona karani wa mapokezi kama watu wawili. Alikaa kwenye benchi pamoja na watu waliokuwa wamekaa muda mrefu kiasi cha kujuana. Alipoingizwa, mratibu alimpokea kwa furaha ya kweli.

"Mama wa wodi. Bango limefika?"

"Bango limefika. Nesi hajafika."

"Hajafika kwa sababu wodi yenu ina mgonjwa mmoja. Wodi yenye mgonjwa mmoja haina sifa ya kupewa nesi. Ni matumizi mabaya ya nesi. Tunaanzia wawili."

"Na mguu wa mume wangu?"

"Mguu umo kwenye mpango, mama. Usiwe na wasiwasi."

"Mguu unaoza."

"Na hilo limo."

Bosi aliinama mbele akaishika meza kwa mikono miwili. "Basi nileteeni huyo mgonjwa mwingine," alisema, kwa sauti ile ile ambayo mtu husema basi niueni.

Mratibu alimtazama kwa heshima. Kwa miaka yote ya kazi yake, hakuna mwananchi aliyewahi kuomba kitu ambacho wilaya ilikuwa nacho kwa wingi.

*

Gari la wagonjwa lilikuja siku ya pili. Dereva akafungua mlango wa nyuma, akamshusha mzee mwembamba aliyebeba mfuko wa nguo kifuani.

"Mnaleta nini hapa?" Bosi alisimama kati ya mlango na dunia. "Hapa ni nyumbani kwa watu."

"Bango linasema wodi, mama," alisema dereva. "Mimi nasoma tu."

"Niliongea kwa hasira. Mtu hawezi kuongea kwa hasira?"

Mzee alikohoa, akajifuta midomo. "Mwanangu, usigombane na huyu kijana. Kama hakuna nafasi nitakaa hapo nje chini ya dirisha. Chumba nilichopanga mwenye nyumba amekipangisha tena. Alidhani nimekufa, na mimi simlaumu, nilichelewa kurudi."

Hayo aliyasema bila kuomba chochote, na ndiyo yaliyomtia Bosi haya. Akapisha mlango.

Mzee alikuwa dalali wa mnada, alistaafu sauti ilipoanza kukatika, na hakuna aliyemwita kwa jina lingine ila Dalali. Alikuwa na nimonia iliyokuwa ikimalizika. Aliponyooshewa kochi la kijani, akalipapasa mbao, akalibonyeza godoro, akamgeukia Fundi.

"Nani katengeneza hiki?"

"Mimi."

"Ningekuwa na pumzi zangu za zamani," alisema Dalali, "watu wangepigana hapa." Na Fundi akampenda papo hapo.

Asubuhi iliyofuata nesi alipiga hodi. Alikuwa mwanamke mnene kidogo, mwenye viatu vilivyolika upande na sura ya mtu ambaye amekunywa chai amesimama. Hakupoteza neno. Alifungua kidonda cha Fundi, akakikagua, akakinusa, akakikagua tena.

"Mmechelewa," alisema mwishoni. "Lakini bado hatujashindwa. Nitakuja kila siku. Tukiruka siku mbili tatu hapa katikati, mtarudi hospitali kwa habari nyingine kabisa."

Akamsikiliza Dalali kifua, akampa vidonge, akaondoka. Bosi aliingia jikoni, akafunga mlango, akalia kidogo. Halafu akaosha uso na kupika kwa watu watatu.

*

Kidonda kilipona polepole, na Dalali alipona upesi, na shida yote ilikuwa hapo. Kumbe mzee hakuwa anahitaji kitu kingine zaidi ya chakula cha moto na mtu wa kubishana naye. Alianza kufagia uwanja. Akaanza kuwapokea wateja mlangoni na kuwasifia kazi za Fundi mpaka yule aliyeondoka na kitambaa cha viti akakirudisha. Rangi ilimrudi, shavu likajaa, na siku moja nesi akavua kipimo cha kifua masikioni akatabasamu.

"Mzee, kifua ni safi. Mwisho wa wiki nakuruhusu."

Hakuna aliyempongeza. Fundi alitazama mguu wake. Bosi akamfuata nesi mpaka barabarani.

"Ukimruhusu, wewe utaendelea kuja?"

"Mama, sheria si yangu. Nikienda kwa mgonjwa mmoja naandikiwa onyo. Ninalo moja tayari."

"Na yeye anakwenda wapi?"

"Karatasi inasema nyumbani," alisema nesi, na akaangalia viatu vyake.

Kulipokucha Bosi alimkuta Dalali akifunga mfuko wake, akamkalia mbele kwenye kigoda.

"Mzee wangu, nina ombi la aibu."

"Sema, mwanangu."

"Naomba uendelee kuumwa."

Dalali aliacha kufunga mfuko. Macho yalimwaka. "Kuumwa kwa namna gani? Kwa kiasi, au kwa kukatiwa tamaa?"

"Kwa kiasi. Mpaka nyama ijae kwenye mguu wa Fundi."

"Kwa kiasi ndiyo kazi ngumu," alisema Dalali, akaanza kufungua mfuko.

Nesi alipokuja alikuta mzee amejifunika shuka mpaka kidevuni, anakohoa kikohozi kirefu chenye kituo katikati. Alimsikiliza kifua mbele, akamsikiliza nyuma. Kisha akatazama dari.

"Naona kimerudi," alisema.

"Kimerudi, binti yangu. Tena kimerudi na nduguze."

"Basi tutaangaliana wiki hii," alisema nesi, akageukia mguu wa Fundi, na safari ile alisafisha akiwa anajiuma mdomo ili asicheke.

*

Mambo yangekwenda hivyo mpaka mwisho kama wodi ya sebuleni isingepata sifa. Katika ripoti ya mratibu ilikuwa ndiyo wodi pekee ya jamii ambayo hakuna mgonjwa aliyekufa wala kutoroka. Mkurugenzi wa Afya wa Wilaya akaamua kuiletea wageni, wale wanaotoa fedha za mpango, pamoja na mpiga picha.

Mratibu alikuja mapema kupanga. Aliondoa cherehani isionekane. Aliwaletea wagonjwa mashuka mapya yaliyokuwa bado na mikunjo ya dukani, akawaambia wasiyachafue kwa kuwa yatarudi. Bosi akaambiwa avae koti jeupe.

"Mimi si nesi."

"Hutasema neno, mama. Utasimama tu hivyo hivyo."

"Na nesi mwenyewe?"

"Yeye atakaa nje. Viatu vyake havipendezi kwenye picha."

Bosi alimwendea Dalali, akamnong'oneza: leo alale tu, afumbe macho, asikohoe hata kidogo. Dalali aliapa. Na huenda angeshika kiapo, lakini wageni waliingia wengi, wakajipanga nusu duara mbele ya kochi, wakanyamaza, wakamkazia macho. Mtu aliyekula jasho lake mbele ya nusu duara ya watu maisha yake yote hawezi kuiona akalala.

Alianza na kikohozi cha chini. Mgeni mmoja akasema maskini. Akapandisha. Akashika ubavu, akanyoosha mkono hewani kana kwamba anaita bei ya mwisho, akaomba asamehewe na wote aliowakosea. Mgeni mwingine akatoa kitambaa akajifuta macho. Bosi, ndani ya koti jeupe, alimkonyeza, akamkunjia uso, akatikisa kichwa mpaka kikamuuma. Lakini mzee alikuwa amekwisha kukolea.

Mkurugenzi alimvuta mratibu kando. "Huyu akinifia hapa mbele ya hawa, mimi na wewe tutauza karanga."

Kisha akageuka, akatoa kifua mbele. "Mpelekeni hospitali kuu. Sasa hivi. Hivi ndivyo wilaya yetu inavyofanya kazi."

Dalali aliketi ghafla. "Nimepona," alisema. "Kweli kabisa, nimepona."

"Mara nyingi wakikaribia mwisho husema hivyo," Mkurugenzi aliwaeleza wageni kwa huzuni. Mzee akabebwa na shuka lake jipya, king'ora kikalia, na mpiga picha akalikimbilia gari.

Wageni walipokwisha kuondoka nesi aliingia kutoka nje, akaliona kochi tupu.

"Kesho nitakuja, kwa sababu habari haitakuwa imefika ofisini," alisema. "Keshokutwa siwezi, mama. Naomba unielewe."

"Mguu bado kiasi gani?"

"Bado. Nyama imeanza kuja, lakini ni changa. Ukiacha sasa, itaharibika yote."

*

Bosi alimkuta Dalali kwenye korido ya hospitali, ameketi sakafuni, mfuko kifuani kama siku ya kwanza.

"Daktari alinitazama mara moja tu," alisema mzee bila kuinua uso. "Akaniambia mzee mzima huoni aibu, watu wanalala chini na wewe unachezea gari la wagonjwa. Ameniandika mzima. Tena kwa herufi kubwa. Mwanangu, nimewaharibia."

Bosi alikuwa amemkasirikia. Alikuwa amepanga maneno njiani kote, na yalikuwa makali. Lakini mzee alikuwa peku. Viatu vyake vilibaki chini ya kochi, hakuna aliyekumbuka kumvalisha.

"Simama twende nyumbani," alisema Bosi.

"Mimi si mgonjwa tena. Nitawafaa nini?"

"Nani kakwambia watu wanakaa nyumba moja kwa kufaana? Simama, sakafu ina baridi."

Wakarudi kwa miguu, polepole, Bosi akisimama kila baada ya kitambo na kusingizia kwamba anamsubiri mzee.

Siku ile ya keshokutwa alimtuma Dalali kwa nesi na maneno machache tu: wodi imepata mgonjwa wa pili, aje. Kisha alijifunga kitambaa kichwani, akavuta mkanda wa chini, akapanda juu ya kochi la kijani, akajifunika. Fundi, kitandani kwake, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Bosi, wewe hujawahi kuugua hata mafua. Nesi atakufukuza."

"Nyamaza. Wewe unajua nini juu ya kuugua? Mimi nimefundishwa na dalali."

Nesi alifika akihema, akasimama mlangoni. Alimwona Fundi mguu juu, akamwona Dalali amesimama mzima kando ya ukuta, akamwona Bosi na kitambaa chake. Alielewa yote, na Bosi akaona kwamba ameelewa, na kwa mara ya kwanza katika jambo lile lote alisikia aibu ya kweli.

"Na wewe mama una nini?" aliuliza nesi.

"Kichwa."

"Haya." Nesi alivuta kigoda. Alikuwa akitabasamu. "Tukupime presha, tupate cha kuandika."

Alimfunga kile kitambaa cha kipimo mkononi, akapampu, akaachia hewa, akatazama mshale. Akapampu tena. Akahamia mkono wa pili, na sasa hakuwa akitabasamu.

"Kichwa kinauma tangu lini?"

"Si nimesema tu ili..."

"Mama. Tangu lini?"

Bosi alifikiri. "Tangu alipokuja mratibu na futi yake."

"Macho?"

"Nikipanda ngazi naona watu wawili wawili."

"Na ulimwambia nani?"

Hakumwambia mtu. Hakuna aliyeuliza. Nesi alifungua mkoba, akatoa vidonge, akamnywesha kimoja akimshika kichwa kwa nyuma. "Usiinuke," alisema. "Hii si ya kuandika tu. Kwa presha hii mtu huanguka jikoni, na akianguka haamki. Unalala hapo hapo, na kesho nakupima tena. Isiposhuka, unakwenda hospitali kweli."

"Siwezi kulala. Nani atapika? Nani atawapokea wateja? Na Fundi..."

"Lala, Bosi," alisema Fundi. Kicheko kilikuwa kimemtoka chote. Katika ndoa yao yote ilikuwa mara yake ya kwanza kumpa amri, na Bosi, kwa mshangao, akaitii.

Nesi aligeukia mguu. Alisafisha kwa utulivu, akafunga bendeji safi. "Nyama ni nyekundu, nzuri," alisema. "Nitakuja kesho na keshokutwa. Mnao wagonjwa wawili, tena wa kweli, hakuna wa kuniandikia onyo." Aliliweka koti lake la mvua begani akatoka, na wakasikia viatu vyake vikiburuta uwanjani.

Nje mtu alipiga hodi kwa nguvu. Alikuwa mteja, anataka viti vyake, anamtaka Bosi mwenyewe, sasa hivi. Bosi alianza kunyanyua kichwa. Dalali alikuwa ameshafika mlangoni.

"Hujui kusoma?" walimsikia akisema, kwa sauti ya pumzi zake za zamani. "Saa za kuona wagonjwa ni saa kumi."

Bosi alirudisha kichwa. Godoro lilimpokea mgongo mzima, kiuno, mpaka nyuma ya magoti, mahali ambapo hakujua kwamba palikuwa pamechoka. Alilala akiitazama dari yake mwenyewe.

"Fundi," alisema baadaye, machozi yakimteremkia masikioni. "Hili kochi ni zuri."

"Nilikwambia," alisema Fundi.